Redio ya Chungu

Baba mkubwa hakutunyang'anya redio kwa ugomvi. Aliichukua kwa swali. Ilikuwa siku ya kumaliza matanga ya baba, wazee wa ukoo wamejaa sebuleni kwetu Endamarariek, pombe imeshapita mara kadhaa, na yeye, kaka mkubwa wa marehemu, akanyoosha fimbo yake kuelekea kabatini.

"Hii redio ni ya nani?"

Alimuuliza mama. Na mama, aliyekuwa akiifuta vumbi kila asubuhi, aliyejua kuipiga kofi la ubavuni ikianza kukwama, hakujibu. Angejibu nini? Aliyeinunua ni baba. Alikuwa mpishi kwenye hoteli ya watalii kule juu Ngorongoro, ukingoni mwa kreta, na likizo moja alirudi na redio ile ameifunga kwenye blanketi kama mtoto mchanga. Mzee mmoja akamjibia mama: "Ya marehemu." Ikawa imekwisha. Cha marehemu kina wenyewe. Baba mkubwa akainuka, akaikumbatia, akaenda nayo kwake ng'ambo ya korongo. Nilipofungua mdomo mama alinikanyaga mguu, na mama alikuwa na kisigino.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nipo nyumbani nasubiri matokeo, na hasira niliyokuwa nayo ingeivisha maharage bila kuni.

Tuelewane hapa. Sikuililia redio. Nilichukia ule utaratibu. Plau ilikwenda, koti la baba likaenda, redio ikaenda, na kila mtu alijua kwamba zamu inayofuata ni ya mama mwenyewe. Padri alikuwa anakataza mambo hayo kila Kwaresima, lakini padri halimi na watu, wala hagawi mipaka ya mashamba. Mjane hakuwa anatangazwa kwamba amerithiwa. Alikuwa anaonekana tu siku moja kwenye boma la shemeji yake, watu wakishaona wanaendelea na palizi yao. Baba mkubwa alikuwa na mke tayari, tena mke mkali. Alikuwa na ng'ombe, alikuwa na kiti kwenye kamati ya duka la ushirika. Alichokosa ni shamba letu, ambalo lilikuwa na udongo mzuri kuliko lake, na njia ya kulifikia shamba ilipitia kwa mama.

Sasa mama alikuwa na kitu kimoja ambacho hakikuwa cha marehemu, nacho ni sauti. Ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo katika kwaya ya kigango chetu. Miezi michache baada ya matanga watu wa redio ya taifa walifika parokiani na gari lao na mashine ya kurekodi, wakazirekodi kwaya moja baada ya nyingine, na mama akasimama mbele na kitambaa chake cheusi cha msiba kichwani akaanzisha wimbo walioutunga wenyewe kuhusu mvua na jembe. Yule bwana wa mashine alisema utasikika katika kipindi cha kwaya, Jumapili asubuhi, mwezi unaofuata, na akataja Jumapili yenyewe.

Kijiji kizima kikaanza kuisubiri Jumapili hiyo. Lakini redio zilizokuwa hai zilihesabika kwa vidole, kwa sababu betri zilikuwa zimeadimika miaka ile. Dukani ungekuta rafu, karani, na kalenda ya mwaka uliopita. Redio nyingi zilikuwa zimegeuka mapambo, zimefunikwa vitambaa vya kufuma. Ya baba mkubwa ndiyo iliyokuwa inaongea kutwa. Betri zikiletwa dukani, alizipata kabla hazijafika rafuni, na wala hakuficha.

Basi Jumapili moja baada ya misa, mbele ya watu wote pale nje ya kanisa, akapaza sauti: "Shemeji, siku ya wimbo wako redio ipo. Njoo na kigoda chako ukae usikilize."

Wazee wakacheka kicheko kile cha kukubaliana. Mimi niliona masikio ya mama yanabadilika rangi. Maana katika ukoo wetu mwanamke hatembei na kigoda chake. Akienda kwa watu atapewa cha kukalia, hata ikiwa ni kinu kilicholazwa. Kigoda cha mwanamke kinakaa mahali anapokaa yeye, karibu na jiko lake. Akionekana amekibeba kwenda kwenye boma la mwanamume, hiyo si ziara, amehama. Baba mkubwa alikuwa hamkaribishi kusikiliza redio. Alikuwa anamposa bila kutoa hata kibuyu cha asali, na chambo ni sauti yake mwenyewe.

Tulikuwa tumeshavuka korongo, njiani kurudi nyumbani, mama alipoanza.

"Sitakwenda," akasema.

"Tuombe kwa mwalimu mkuu basi, au parokiani."

"Sitakwenda kusikiliza mlangoni kwa mtu yeyote. Leo nikae kwa huyu, kesho kwa yule, mpaka lini? Nimeimba mwenyewe, nitasikia nikiwa kwangu."

"Kwa redio gani, ayo?" nikauliza, kwa neno letu la kumwita mama.

Akasimama, akanitazama kama vile nimemuuliza maji yanatoka wapi. "Wewe si umesoma?"

Nilikuwa nimesoma, ndiyo. Shuleni kwetu, shule ya bweni ya wasichana, tulikuwa na mwalimu wa fizikia aliyeamini kwamba msichana ambaye hajaunguzwa na chuma cha kulehemu bado hajasoma. Tuliunguzwa. Nilikuwa nimewahi kufungua redio tatu nne na kuzirudisha zikiwa nzima, na moja ambayo haikurudi. Kuunda yangu kuanzia vipande nilikuwa sijawahi. Lakini mama alishaendelea na safari, kigoda chake kikimngoja jikoni, na sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba kusoma na kuweza ni ndugu wanaotembeleana mara chache.

Fundi redio wa Karatu alikuwa mtu wa Kilimanjaro aliyekuja kufuata biashara, na kibanda chake kilikuwa kando ya barabara iendayo lango la Ngorongoro. Kila gari la watalii lililopita lilimwachia vumbi jekundu, naye alilitukana kwa adabu. Nyuma ya meza yake kulikuwa na makasha ya redio zilizokufa, zimerundikwa kama mifupa kwa mchinjaji. Nilimshushia debe la ngwara mlangoni, zile punje nyeusi za jamii ya maharage kutoka shambani kwetu, nikamwambia nataka kuchagua.

"Chukua hii," akasema, akinyanyua moja yenye kava linalong'aa. "Ina uso mzuri."

"Sitaki uso. Nataka vipande."

"Aisee dada, hapa si gengeni kuchagua nyanya."

"Nyanya mbovu naijua kwa kuiminya," nikamwambia. "Na hizi nitaziminya."

Akacheka, akanisogezea kasha kwa mguu. Nadhani alitegemea nitachoka haraka. Nilikaa pale mpaka jua likahamia upande wa pili wa kibanda.

Nataka nieleze nilivyochagua, kwa sababu nimechoka kusikia watu wakisema ilikuwa bahati. Kitu cha kwanza ni bodi, ile sahani yenye viungo vyote, kwa maana bodi ikiwa mfu vingine vyote ni takataka. Kulikuwa na mbili zilizofanana. Moja ilikuwa safi, inameta, na nyingine ilikuwa imejaa masizi mpaka huwezi kuona rangi za viungo. Ile safi niliikunja kidogo kwenye mwanga nikaona mstari mwembamba kama unywele unaopita katikati: ilikuwa imeanguka. Ya masizi ilitoka kwenye nyumba ambayo redio ilikaa juu ya moto miaka yote, lakini haikuwahi kuanguka, na moshi ulikuwa umewafukuza mende. Mende ndio wauaji wa redio. Wanapenda joto lake, wanazaa humo, wanakojolea waya. Nikachukua ya masizi.

Fundi akaiunganisha na betri yake ya gari na spika ya majaribio. Ikatoa mkoromo mzito, haina neno hata moja.

"Imekufa," nikasema.

"Haijafa. Kinachokoroma kipo hai. Ikinyamaza kabisa ndiyo uanze kulia."

Pili ni kile kiungo cha kutafutia stesheni, chenye mabati membamba yanayopishana unapozungusha kitufe. Hapo vumbi la Karatu halina msamaha. Nilizungusha kimoja kimoja karibu na sikio. Chochote kilichosaga nilikirudisha, mpaka nikapata kimoja kilichoteleza kimya. Waya wa antena niliupata kwenye dainamo iliyoungua, shaba nyembamba ndefu, na fundi alinipa akisema nimwondolee takataka.

Kisha ikaja spika, na hapo nikafanya upumbavu. Chini kabisa ya kasha kulikuwa na spika kubwa, upana wa sahani ya ugali, iliyotoka kwenye redio ya zamani ya mbao, ya zama za walowezi wa mashamba ya kahawa kule Oldeani. Nilipoiona nilimwona baba mkubwa ng'ambo ya korongo akiziba masikio. Niliitaka. Fundi alinishauri nichukue ndogo, nikamwambia sikuja Karatu kwa miguu kufuata kitu cha kunong'ona. Tukaijaribu kwenye betri yake ya gari, ikanguruma mpaka mwenye duka la jirani akachungulia. Nikaenda nayo nyumbani kichwani, kifua mbele.

Kosa la watu wa kwetu ni hilo. Tunanunua ng'ombe kwa kutazama pembe. Nyumbani sikuwa na betri ya gari. Nilikuwa na betri kavu zilizochoka, na spika ile haikuelewana na bodi yangu ndogo: ilikuwa inavuta umeme kuliko bodi ilivyoweza kutoa. Nilipoiwasha ilisema "kwa—" ikazima. Nikapumzisha betri, nikawasha tena. Ikasema "kwa—". Mama alikuwa anapepeta, akauliza bila kugeuka, "Ndiyo kipindi chenyewe?"

Nililia kwa hasira, nikanawa uso, na kesho yake nikarudi Karatu na ile sahani ya ugali. Fundi hakunicheka sana.

"Hebu niambie," akasema, "ulitaka isikike mpaka wapi?"

"Kwa baba mkubwa."

"Basi chukua hii." Akanipa spika ndogo, inayoweza kukaa kwenye kiganja, koni yake ya karatasi haijatoboka popote. "Inakula kidogo. Ukifika nyumbani itie kwenye chungu. Chungu kitakusaidia kupiga kelele bila kula betri."

Chungu nilichochagua kilikuwa cha mama cha kupikia maharage, chenye tumbo kubwa na mdomo mwembamba. Nilivijaribu vyote vya jikoni kwa kuviimbia ndani kwanza. Kile ndicho kilichonirudishia sauti nzuri. Mama aliona anapoteza chungu, akasema tutakula viazi.

Kulehemu nililehemu kwa msumari mnene niliouchomeka kwenye mkaa mpaka ukaiva. Fundi alikuwa amenikatia kipande cha waya wa risasi ya kulehemia. Mikono iliungua tena, kama shuleni. Antena niliipandisha juu ya mti wa mgrevilia, nikiwa na sketi, na mama akisimama chini kuhakikisha hapiti mzee.

Ikabaki betri. Bila betri nilikuwa nimetengeneza chungu kizito tu.

Kwetu miaka ile hakuna aliyetupa betri iliyokwisha. Ilianikwa. Iliwekwa juani juu ya bati au kwenye mkeka pamoja na nafaka, na ikishapata moto inarudi kidogo, kama mzee aliyeota jua. Mama akapitisha neno kwa wanakwaya wenzake. Wakaja mmoja mmoja, kila mwanamke na fundo lake kwenye pindo la kanga: betri za tochi zilizolala kwenye mitungi, betri zilizokuwa magurudumu ya vigari vya watoto, betri zenye kutu, betri zilizovimba. Kila mmoja aliniwekea mkekani, juu ya ngwara, akisema maneno kama anayetoa sadaka. Mmoja alisema, "Hii ni ya mume wangu, bado hajajua." Mwingine akasema, "Mwambie mama yako sauti ile si yake peke yake. Mimi nilikuwa nyuma yake napiga ya chini."

Nilizichagua kama nilivyochagua kila kitu. Nilikuwa na balbu ya tochi, naigusisha betri moja moja. Iliyofanya uzi wa balbu uwe mwekundu ilipita. Iliyovuja niliitupa mbali, maana maji yake yanaharibu wenzake. Zilizopita nilizipanga kichwa kwa mkia ndani ya mwanzi niliouchana katikati, nyingi kuliko redio yoyote ya dukani ingehitaji, kwa kuwa kila moja ilikuwa na pumzi ndogo. Nikafunga mwanzi kwa mpira wa baiskeli. Nikawasha. Ikakoroma. Nikazungusha kitufe taratibu, na kutoka ndani ya chungu cha maharage mtu wa Dar es Salaam akasema bei ya pamba.

Mama aliweka ungo chini. Alikwenda jikoni, akatoka na kigoda chake, akakiweka mbele ya chungu, akakaa.

Jumapili yenyewe nilikuwa nimeanika betri tangu jana yake, na asubuhi nikaziweka karibu na jiko zisipoe. Wanakwaya walifika mapema wakiwa wamevaa sare, tayari kwa misa. Wakakaa popote penye nafasi: magogo, kinu, mkeka. Muda ulikuwa umebaki kidogo ndipo nikamwona mama mkubwa, mke wa baba mkubwa, anavuka korongo kwa mwendo wa mtu anayekwenda kugombana.

Hakusalimia. Alifungua fundo la kanga yake mbele yangu, zikaanguka betri, safi, karatasi zake zinang'aa.

"Weka hizi," akasema.

Niligusisha balbu kwenye moja. Ikawaka nyeupe kabisa. Betri iliyochoka haiwashi balbu namna ile.

"Mama mkubwa, umezitoa wapi?"

"Kwenye ile redio yenu. Yeye nimemwekea zilizokwisha. Ameita wazee waje wamwone mama yako akifika na kigoda. Amenichinjisha kuku." Kisha akamgeukia mama. "Na wewe usidhani nimekuja kwa mapenzi. Sitaki mke mwenza. Hata akiwa ni wewe unayeimba vizuri."

Wanawake wakacheka mpaka mmoja akashika mbavu. Mimi sikucheka, nilikuwa tayari nafungua mwanzi. Betri mpya! Redio ingenguruma, ingevuka korongo, ingemkuta kwenye kuku wake. Sijawahi kutamani kitu kama nilivyotamani kuziweka betri zile.

"Acha," mama akasema.

"Ayo, hizi zetu zinaweza kuzimika katikati ya wimbo."

"Zizimike."

"Utakosa kujisikia! Wimbo haurudiwi."

"Nisikilize wewe. Nikiimba kwa betri zake, nimeimba kwake. Kwa nini basi nisingebeba kigoda nikaenda? Kule angalau kuna kuku." Alizikusanya zile betri mwenyewe, akazirudisha kwenye kanga ya mama mkubwa, akafunga fundo, akakaza. "Asante, dada. Kaa usikilize. Kwako siji, usiwe na shaka. Huna haja ya kuniibia."

Mama mkubwa alibaki amesimama. Nadhani alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa kuamini. Mwishowe akakaa kwenye mkeka, fundo lake mapajani.

Nilikasirika na mama wakati ule, siwezi kuficha. Niliona anachezea kazi yangu. Leo nina nywele nyeupe na bado sijui kama ningekuwa na ubavu wa kufanya alivyofanya. Nikafunga mwanzi na betri zetu za jua. Nikawasha.

Ilikoroma. Kipindi kilikuwa kimeanza. Ikapita kwaya ya mahali pengine, wanaume wenye besi, na sauti tayari ilikuwa inapungua. Wanawake wakasogea. Vichwa vikainamia chungu mpaka vitambaa vikagusana. Mtangazaji akataja kwaya yetu na mkoa wetu, akakosea jina la kijiji, na hakuna aliyejali.

Halafu mama akaimba.

Sikuwahi kuisikia sauti ya mama bila kumwona anavyokunja paji la uso. Ilitoka ndani ya chungu ikiwa peke yake, nyembamba kwanza, halafu chungu kikaishika kikaizungusha: *Umetupa mvua, Bwana, tupe na nguvu ya jembe.* Na nyuma yake wakaingia wote, na wote walikuwa wameinama pale pale wakijisikiliza, wamefumba macho. Yule wa sauti ya chini alinifinya mkono. Mama mwenyewe alikuwa amekaa wima kigodani, mikono magotini, hainami. Alikuwa anasikiliza kama anayemsikiliza mtu mzima mwenzake akitoa hoja. Nililia, na safari hii haikuwa hasira.

Katika ubeti wa pili ndipo baba mkubwa alipotokea kwenye ua. Alikuwa na wazee wawili nyuma yake na fimbo mkononi. Redio yake ilikuwa imegoma na mama hajafika, wakatoka kumfuata, na walipopanda korongo wakasikia wimbo, hafifu, ukitoka kwetu. Hakuna aliyeinuka kumpokea. Alitaka kusema kitu, lakini mzee mmoja akamgusa bega, akampita, akakaa kwenye gogo. Wa pili naye akampita. "Sogea kidogo," akamwambia baba mkubwa, "unatuzibia."

Betri zetu zilifika mpaka mwisho wa wimbo. Zilifika zikijikokota, lakini zilifika. Mtangazaji alipoanza kuaga, redio ikakoroma, ikanyamaza yenyewe.

Ndipo baba mkubwa akanyoosha fimbo kuelekea kwenye chungu. Nakuapia alitumia maneno yale yale. Mtu akifanikiwa na ufunguo mmoja anaujaribu kwenye kila mlango.

"Hii redio ni ya nani?"

Nilitazama mguu wa mama, kama utanikanyaga. Haukunikanyaga.

"Yangu," mama akasema.

Baba mkubwa akawatazama wazee. Mmoja alikuwa anachungulia ndani ya chungu, anataka kujua mtu anaingiaje. Mwingine alikuwa anatazama chini, na hakujibia mtu safari hii.

"Na betri?" akasema baba mkubwa. "Nimeibiwa betri asubuhi hii. Betri ni zangu."

Mama mkubwa aliinuka mkekani, akafungua fundo. "Zako hizi hapa, baba watoto. Hakuna aliyezitaka."

Akammiminia mikononi zikiwa zote. Zilikuwa nyingi kwa mkono mmoja, ikabidi azipokee kwa miwili, na ile fimbo aliyonyooshea vitu vyetu vyote ikabidi aibane kwapani. Akabaki amesimama hivyo katikati ya ua, wanawake wenye sare wamemzunguka, wazee wake wamekaa, yeye peke yake hana pa kukaa.

Mama aligeuza shingo tu. Hakuinuka.

"Karibu, shemeji," akasema. "Viti vimekwisha. Ungekuja na kigoda chako."